Kabla Hujafungua Klampu: Kwa Wanaoanza Kujiundia Chesisi

Juzi nilitembelea vijana wawili wanaojiundia gari la michezo la mfano wa Lotus Seven, nikawakuta wamekwisha kuchomelea sehemu yote ya mbele ya chesisi, yaani fremu ya paipu inayobeba gari, ikiwa imelazwa juu ya mbao mbili, bila meza na bila klampu hata moja, huku wakiisifu mishono yao iliyolala kama sarafu zilizopangwa. Mishono ilikuwa mizuri kweli, na hicho ndicho kilichonitia uchungu. Kosa lile nililifanya mimi kabla yao, kwa ustadi mkubwa kuliko wao, na nililigharimia. Wadogo zangu, sitawafundisha kuwasha mashine, hayo mnayajua. Nitataja machache ambayo naona kila kizazi cha wachomeleaji kinayarudia upya.

1. Safisha chuma mpaka king'ae. Paipu mpya huja na gamba la kiwandani na mafuta, na vyote viwili huharibu mshono. Ila usithubutu kusafisha kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea hapo hapo, kwa sababu joto na mwanga wa arki huugeuza mvuke wake kuwa fosijeni, gesi ile ile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

2. Jaribu kwanza kwenye vipande vya chakavu vyenye unene ule ule. Kwa paipu ya mraba ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.6, waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 au 0.8 unatosha. Chomelea, bana kipande katika jiliwa, kipige nyundo mpaka kitu kikubali kushindwa. Chuma kikichanika pembeni mwa mshono, endelea. Mshono ukibanduka mzima, basi ulikuwa umekaa juu ya chuma bila kuingia ndani, hata kama sura yake inapendeza.

3. Shikiza kila ungio kwa nukta, yaani vishono vidogo vya kushikilia tu, kabla ya kumalizia ungio lolote. Hapa ndipo ninapopaswa kuungama.

Chesisi yangu ya kwanza niliianza kwa adabu zote. Nilikuwa na meza iliyosawazishwa kwa pima maji, nilibana kila paipu, nilishikiza fremu nzima, hata mabano ya mikono ya magurudumu ya mbele nikayachomelea mahali pake. Ilikuwa imebaki kazi ya kumalizia mishono tu. Jioni moja nikaona klampu za mbele zinanizuia kuingiza mkono, nikazifungua. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeketi upande wa kulia na mkono umeshazoea mwendo, nikamaliza maungio yote ya juu ya upande ule, moja baada ya jingine, bila kupumzika na bila kuvuka kwenda upande wa pili. Nilijiona fundi. Niliivua helmeti kila baada ya ungio ili nijitazamie kazi yangu.

Sasa mnajua, au mnapaswa kujua, chuma kinavyofanya. Mita moja ya chuma ikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 1.2 hivi, na chuma kilichoyeyuka katika mshono kinapopoa kutoka karibu nyuzi 1,500 husinyaa na kuvuta kila kilichoshikamana nacho. Ukivuta upande mmoja wa juu mara nane mfululizo, pembe ile itainuka, na klampu ambayo ingeizuia inaninginia ukutani. Pembe yangu ya mbele kulia iliinuka, na mabano yaliyokwisha kuchomelewa yakapanda nayo.

Wala sikupuuza kupima. Nilipima kimshazari kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, tofauti ikawa chini ya milimita moja, nikafurahi sana. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba kipimo cha mshazari kinakuambia kama fremu ni mraba ukiitazama kutoka juu. Kuhusu msokoto hakikuambii lolote. Fremu inaweza kusokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa na mishazari yake ikabaki sawa kabisa.

Nikapaka rangi. Nikafunga bodi ya alumini, injini, giaboksi na nyaya zote. Gari liliposimama kwa magurudumu yake, pembe ya mbele kulia ilionekana kuwa juu kidogo, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikakishusha kikalio cha springi ya pembe ile mpaka macho yakaridhika. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo. Kusokota fremu ni kukosa ujuzi, lakini kuuficha msokoto kwa springi ni kujidanganya kwa makusudi, kwa maana moyoni nilijua kwamba springi mbili zinazofanana hazitofautiani zenyewe. Siku ya kwanza ya mvua nilikanyaga breki, gurudumu la mbele kulia likajifunga peke yake mapema mno, gari likageuka nusu duara. Hakuna aliyeumia. Tulipoliweka juu ya mizani minne, moja chini ya kila gurudumu, mbele kushoto na nyuma kulia kwa pamoja zilibeba kilo 290, na zile mbili nyingine kwa pamoja 230. Gari lilikuwa limesimama kama meza yenye mguu mfupi, nami nilikuwa nimeufupisha mguu huo zaidi kwa mkono wangu.

Nilishusha kila kitu. Nilikata paipu za mshazari za sehemu ya mbele, nikairudisha pembe taratibu kwa jeki huku klampu zikiwa zimebana, kisha nikachomelea tena kwa kurukaruka: ungio moja kulia, jingine kushoto upande wa nyuma, kisha kusubiri mpaka mkono uweze kugusa. Miezi mitano ilipita.

4. Gari likishafungwa vifaa vya umeme, tenganisha betri na alteneta kabla ya kuchomelea, na kibanio cha ethi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine, kiwe karibu na ungio.

5. Usisage mshono wa mabano ya magurudumu ili upendeze. Ukuta wa milimita 1.6 hauna ziada ya kukupa.

6. Baada ya kazi, kaa karakana nusu saa. Cheche hupenda kujificha kwenye vitambaa, na mimi nimewahi kuzima ndoo ya taka nikiwa nimevaa kandambili.

Kuhusu wale wawili, niliwapigia simu jana nikawaomba watafute uzi. Wauvute uzi mmoja kutoka pembe hadi pembe, na wa pili uikate njia yake kwa juu, kisha wabadilishe wa juu uwe wa chini. Nyuzi zikigusana kidogo tu katika hali zote mbili, fremu imelala sawa. Wao wamepata pengo la milimita 3 katikati, maana yake pembe moja imepanda milimita 6. Kwa kuwa mabano hayajafungwa, inatosha kufungua maungio ya paipu mbili za mshazari, kuibana fremu juu ya meza halisi, na kuanza tena kwa nukta. Meza yangu iko wazi hadi mwisho wa mwezi, na klampu waje nazo.