Usipokee faili moja, yakhe. Filamu si urojo

Hapana. Hapana kabisa. Nimesoma mpaka hapo uliposema rafiki yako mwenye studio ya muziki atakuchanganyia sauti ya filamu yako ya dakika 95 kwa siku tatu "na atanipa faili moja safi", chai ikanipalia. Habari ya spika uliyoiuliza tutaifikia. Kwanza nijibu mie: ukishapewa hiyo faili moja, maneno ya waigizaji utayatoaje humo?

Huyatoi. Urojo ukishatiwa bakulini, nenda Forodhani ukamwambie muuzaji akuchujie ukwaju peke yake uone atakavyokutazama.

Mie yamenikuta. Filamu yangu ya kwanza, dakika 88, tumepiga Jambiani na Mji Mkongwe, mama mjane na mwanawe anayetaka kwenda Maskati. Nikampa fundi mmoja, jina simtaji kwa sababu mamake na mamangu wanakaa mkeka mmoja kwenye maulidi. Taarab anairekodi vizuri, sikatai. Nilipomuuliza kama filamu amewahi, akanambia: "Sauti ni sauti, kaka." Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo presha inapanda.

Sauti si sauti! Mtu wa nyimbo anamaliza kazi pale nyimbo inapotoka. Filamu ikitoka ndiyo kwanza watu wanaanza kukuomba vipande vyake.

Basi alichukua maneno, muziki, mawimbi, milango, jogoo, akavikoroga, akatoa faili ya steryo, akanipa kwenye flashi. Nikamlipa milioni moja na laki mbili yote, na sahani ya biriani juu. Na ilikuwa nzuri, sidanganyi. Tulipoionesha watu walilia. Mie nililia baada ya miezi minne, peke yangu.

Televisheni moja ya nje iliitaka, waitie maneno kwa lugha yao. Wakaandika: tutumie M&E. Mie nikadhani M&E ni jina la kampuni. Nikawajibu kwa adabu zote kwamba hatujawahi kufanya kazi na hao. Chekeni, nimeshazoea.

Kumbe ni fungu la muziki na milio: kila kinachosikika kwenye filamu isipokuwa watu kusema. Wenzetu wanalichukua hilo, wanaweka juu yake sauti za waigizaji wao. Nikampigia fundi. "Ile kazi nishaifuta kaka, diski ilijaa." Ilijaa! Diski ya nje ilikuwa inauzwa Darajani, ningemnunulia mwenyewe kwa pesa ya ile biriani na chenji ikabaki.

Wiki hiyohiyo mwenye nyimbo ya harusini, aliyekuwa katupa ruhusa ya mdomo, akageuka. Itoeni. Sawa, lakini chini ya nyimbo hiyo ndipo mama anamwambia mwanawe neno ambalo filamu nzima inalisubiri. Nikitoa nyimbo, na mama anaondoka.

Najua kuna mtu anakuja kusema siku hizi zipo programu za kutenganisha. Nilizijaribu. Mama alisikika kama anasemea ndani ya mtungi, na kila akivuta pumzi mkia wa kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, unachungulia nyuma yake. Kwa kusikilizia kwenye simu labda. Kwa kuuza, hapana.

Tukaanza upya kutoka kwenye rekodi za siku ya kupiga, ambazo kwa bahati nilikuwa nazo mie. Na hapo ndipo pesa inapokwenda, nawe hutoambiwa na mtu: ukiyaondoa maneno, yanaondoka na kila kitu maikrofoni ilichokinasa pamoja nayo. Nyayo, vikombe, kanga inayotikiswa, vyote kimya, watu wanatembea kama majini. Lazima urekodi upya, mlio mmoja mmoja, huku unaitazama picha. Nimetembea na makubadhi kwenye sakafu ya bibi yangu mpaka kisigino kikachubuka. Nimekuna nazi kwenye mbuzi saa nane za usiku, kwa sababu saa nyengine zote kuna bodaboda au adhana, mke wangu kasimama mlangoni ananiuliza kama nimerogwa. Miezi miwili. Milioni tatu na laki nne. Televisheni ile ilishanunua nyengine.

Kwa hivyo skiza. Kabla hujampa hata shilingi ya mwanzo, muandikiane kwamba utapokea mafungu matatu mbalimbali, maneno, muziki, milio, na mchanganyiko mzima juu yake. Yawe faili za WAV, ubora wa 48 kHz na biti 24. Yote yawe na urefu mmoja, na kila moja liwe na kipipi, yaani mlio mfupi wa kulinganishia, unaolia sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza, ili mtu mwengine akiyapanga yalingane. Nyayo na vyombo vikae kwenye fungu la milio, visiachwe vimening'inia kwenye maneno. Kisha yacheze matatu kwa pamoja mbele yake: yasikike sawasawa na mchanganyiko mzima. Yasipolingana, mara nyingi ameweka kibanio cha sauti, kile kinachozuia sauti kubwa isizidi, juu ya kila kitu mwishoni, tabia ya watu wa nyimbo hiyo; kila fungu likitoka peke yake kinabana vyengine. Airekebishe ukiwa umekaa hapohapo. Na kazi nzima kama ilivyo kwenye programu yake, nakili kwenye diski YAKO. Malipo ya mwisho baada ya hapo, na biriani pia.

Spika, ndiyo. Hedifoni zinafaa kusaka kelele za upepo na mikwaruzo, lakini usikatie shauri nazo kiasi cha muziki na maneno. Masikioni kila neno liko karibu, ukenda kuonesha uwanjani Ngome Kongwe, huku upepo huku watu wanatafuna njugu, muziki unalimeza. Tafuta ukumbi, hata wa skuli, usikilize humo kwanza. Na ukiwa na mafungu matatu, ukiona maneno hayasikiki unayapandisha tu. Ukiwa na faili moja unapandisha vyote, na njugu zao.

Mpigie sasa hivi, kabla ya Magharibi, umuulize M&E ni kitu gani. Akikwambia "ondoa wasiwasi, kaka", rudi hapa uniambie, n'na mbuzi ya kukuazima.