Re: Mavazi ya Wahaida ni utamaduni au biashara tu?

Mkuu, umeuliza kama koti la kisasa lenye michoro ya Wahaida, wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada na Alaska, bado ni utamaduni au ni biashara tu. Mimi naona ni vyote viwili, na havigombani.

Angalia blanketi lao la vifungo, linalovaliwa mabegani kama joho. Sufu ya bluu iliyoiva ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kizungu. Wao wakashonea juu yake nembo ya ukoo kwa kitambaa chekundu, kisha wakaizungushia vifungo vya gamba la chaza vinavyometameta wakati wa kucheza ngoma. Kanada ilipiga marufuku sherehe za potlachi, yaani karamu zao za kugawa zawadi, ambako mavazi hayo huvaliwa, kuanzia 1885 hadi 1951. Hebu fikiria!

Dorothy Grant, Mhaida mzaliwa wa Alaska, alianza miaka ya 1980 kuhamishia michoro hiyo kwenye makoti na magauni, mwanzoni akishirikiana na msanii Robert Davidson.

Ila Wahaida wamegawanyika pande mbili za kiukoo, Kunguru na Tai, na nembo zina wenyewe, yaani koo. Kiwanda kikizichapa kwenye fulana bila ruhusa, hapo nakubali ni biashara tu.