Utambi wa vepu: naweza kutumia usufi wa mto?

SWALI: Kaka shikamoo, niko Mikindani, natumia vepu (sigara ya umeme) ya kufunga koili mwenyewe, ule waya unaopata moto, sasa pamba ya utambi niliyoagiza Dar imeisha. Nyumbani kuna mto wa usufi, mweupe safi kabisa, nichomoe kidogo? Na utambi wa silika, zile nyuzi za aina ya kioo, je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usufi achana nao kabisa, ule una nta ya asili inayokataa maji, kwahiyo likwidi, yale maji ya vepu, haitapanda kwenye koili, halafu usufi unashika moto upesi mno, utavuta moshi wa kuungua tu. Hata pamba mbichi ya shambani ina nta yake.

Panda Mtwara mjini, ingia duka la dawa, chukua pamba ya hospitali ila soma pakiti iwe pamba tupu isiyochanganywa na polista, ichemshe kwenye maji safi, kamua, anika ikauke. Sasa kwenye kuipitisha ndo wengi wanaharibu: ukiivuta ndani ya koili iguse pande zote, koili itikisike kidogo ila isipinde, maana ikibana sana likwidi haipiti na pamba inaungua, ikilegea inavuja. Idondoshee likwidi mpaka yote ilowe ndo ubonyeze kitufe cha kuwasha, na usiwashe koili kama pamba iliyomo ni kavu, tafadhali sana.

Silika haiungui kweli, ila inanyonya taratibu na nyuzi zake zikikatika vumbi lake sitaki likufike kwenye mapafu, mi siishauri. Ladha ikianza kuchacha badilisha pamba, usisubiri iwe nyeusi.