Diski ya pili ilivyonitoa jasho kabla sijajua fstab

Nina stesheneri ndogo hapa Mwanga, Kigoma, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, harusi zikitokea nashuti na video, kwahiyo diski ya kwanza ilishajaa zamani nikaongeza ya pili ndani ya deskitopu hiyohiyo ya Linux Mint. Kero ikawa kila nikiwasha mashine mpaka niibonyeze ndo ifunguke, nikisahau programu ya kuedit inalia haioni klipu. Nikaenda /etc/fstab, faili linaloiambia Linux diski zipi zifunguliwe mashine ikiwaka, nikaandika mstari unaoanza na /dev/sdb1, jina ambalo diski yangu ilikuwa nalo siku hiyo, na hapo ndo nilijiloga mwenyewe.

Siku moja umeme umekatika, umerudi, nawasha mashine flashi ya mteja bado imechomekwa. Sasa hayo majina sda na sdb hayakai kwenye diski, Linux inayagawa upya kila ikiwaka kwa jinsi inavyoziona, flashi ikabeba sdb yangu. Mstari unadai ext4, flashi ni FAT32 (hizo ni aina mbili tofauti za kuformati diski), ikagoma, nikaishia skrini nyeusi imeandika emergency mode, yaani hali ya dharura. Mama mmoja katoka Ujiji anasubiri picha ananiuliza, "Mwanangu, hiyo kompyuta imekufa?" Nikamwambia hapana mama, inaamka tu!

Ikikukuta usiformati kitu. Bonyeza Enter (au paswedi ya root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, ikidai), fungua nano /etc/fstab, weka alama ya # mbele ya ule mstari, sevu, zima uwashe.

Ukitaka kufanya inavyotakiwa fungua terminal andika lsblk -f uone UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, hiyo ndo haibadiliki hata uhamishe waya. Kopi kwanza fstab pembeni, tengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/picha, halafu mstari wenyewe:

UUID=namba-yako /mnt/picha ext4 defaults,nofail 0 2

Hiyo nofail usiiache, maana yake diski isipokuwepo mashine iwake tu iendelee na mambo yake, bila hiyo itaisubiri dakika moja na nusu halafu inakurudisha kulekule kweusi. Ukimaliza piga sudo systemctl daemon-reload, kisha sudo mount -a, ikinyamaza ujue iko poa, ikilalamika rekebisha hapohapo kabla hujazima.

Kitu kingine ambacho kiliniuma kuliko hata ile skrini: ruhusa. Mi nilipiga sudo chown (amri ya kubadili mwenye folda) kwenye folda kabla diski haijapanda, kumbe nimeipa ruhusa folda tupu ya chini. Baadae waya wa SATA ukalegea, mashine ikawaka vizuri tu kwa sababu ya nofail, mi nikamwaga video za harusi nzima humo nikijua ziko diski ya pili, kumbe zinajaza ya kwanza mpaka ikasema nafasi imeisha. Kwahiyo maunti kwanza, yaani diski ipande kwenye folda, ndo upige sudo chown $USER: /mnt/picha, folda ya chini ibaki ya root, siku diski ikikosekana itakukatalia kuandika na utashtuka mapema.

Kama diski ni NTFS imetoka kwenye Windows, chown achana nayo, kwenye ule mstari badili ext4 iwe ntfs-3g na baada ya nofail ongeza ,uid=1000,gid=1000 (kwa kawaida ndo namba ya mtumiaji wa kwanza wa mashine), na kule Windows zima Fast Startup, ile ya kuwaka haraka, la sivyo unaweza kuta inasomeka tu haiandikiki. Na ukija kuiformati upya UUID inabadilika, urudi tena fstab.