Biti ya V inaunguza kona: usipunguze mwendo, punguza mizunguko

Ndugu, umeuliza kwa nini biti yako ya V (kisu kinachozunguka, chenye ncha ya umbo la V) ya digrii 60 inaunguza kona za herufi unapochonga mbao kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta. Ni kwa sababu umeiweka mizunguko 24,000 kwa dakika huku ikisogea milimita 600 tu kwa dakika. Makali hayakati tena, yanasugua. Ukishika kinachotoka utakuta unga mweusi badala ya maranda.

Hesabu ya mwendo wa kusogea ni hii: mizunguko × idadi ya makali × unene wa kila randa. Kwa makali mawili, mizunguko 16,000 na randa la milimita 0.05, unapata milimita 1,600 kwa dakika. Anza hapo kwa mbao ngumu, kisha usikilize mashine. Kushuka kwenye mbao, weka kama theluthi ya hiyo.

Ila biti ya V ina hila yake. Ncha kabisa karibu haina mwendo, hata mota ikizunguka vipi, kwa hiyo pale chini inakwaruza zaidi ya kukata. Upana nao hufuata kina: ya digrii 90 ikizama milimita 3 inachonga upana wa milimita 6, ya 60 kama 3.5. Herufi nene zichonge kwa awamu mbili, ya mwisho iondoe kidogo tu.

Na kwenye kona mashine hupunguza mwendo yenyewe, mizunguko ikibaki ileile. Ndiyo maana moshi unaanzia hapo. Biti ikiendelea kuunguza baada ya kushusha mizunguko, angalia ncha kwa lenzi; mara nyingi imeshavunjika na jicho halioni.