Magugu maji yamefunga njia ya mwalo wetu: tuyaondoeje yasirudi?

SWALI: Sisi wakazi wa kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria tunajitolea kukata kwa mapanga magugu maji yaliyoziba njia ya mitumbwi, lakini baada ya wiki chache njia inafunga tena. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kujitolea kwenu ni jambo jema sana, ila panga peke yake linawaongezea kazi. Ng'oeni gugu moja mlitazame: chini lina mizizi myeusi kama manyoya, na ubavuni lina kikonyo kinachotambaa hadi kwenye gugu changa. Mnapokata kikonyo hicho hamjaua chochote. Mmetenganisha mama na mtoto, na kila mmoja ataendelea kuzaa mahali upepo utakapompeleka, pengine kwenye mwalo wa jirani.

Kwa hiyo panga litumike kugawa zulia hilo katika mapande yanayoweza kuvutwa tu. Fanyeni kazi asubuhi ziwa likiwa limetulia, zungusheni kamba kila pande, kisha walio nchi kavu walivute hadi litoke majini lote pamoja na mizizi. Lisiachwe ukingoni, kwa kuwa wimbi moja kubwa hulirudisha. Lisombwe hadi juu ya mahali maji hufika wakati wa masika, litandazwe na kukauka kabisa. Ni mzigo mzito, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji.

Asiingie mtu majini bila buti ndefu, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho hujificha humo, na nyoka pia. Injini ya mtumbwi izimwe kabla ya mtu yeyote kugusa propela iliyonaswa.

Njia ikishafunguka, ipimeni kwa upondo hatua kwa hatua, kwa kuwa magogo yaliyozama chini ya magugu ndiyo hupasua mitumbwi; gogo lisilong'oka liwekewe boya.

Mkiona majani yana makovu madogo ya mviringo, hao ni mbawakavu walioletwa ziwani katika miaka ya 1990 ili wayale magugu haya. Hapo ningewashauri msafishe njia tu na kuwaachia wadudu sehemu iliyobaki. Hata hivyo mbegu hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi, hivyo pangeni zamu ya kung'oa machipukizi kila wiki, yakiwa bado yanabebeka kwa mkono mmoja.