Jibu: kwa nini wagonjwa wanaolala nje hawarudi kliniki

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini wagonjwa wako wanaolala nje wanakuja mara moja kisha wanapotea, na kama ni kweli wengi wao ni ugonjwa wa akili uliowatupa mtaani. Nimefanya kazi ya ushauri hapa Kampala miaka 11, zaidi upande wa Kisenyi na Katwe, mitaa ya mabanda. Nakujibu kwa kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja aliyelala kwenye kibaraza cha duka. Alilalamika kwamba usiku watu wanamjia kumwibia. Nikaandika kwenye faili: anahisi anafuatwa. Akaanzishiwa Largactil, dawa ya ugonjwa wa akili inayoleta usingizi, vidonge vya usiku. Wiki ya pili hakuonekana. Nikaandika "hatumii dawa", nikaenda kunywa chai.

Nilimkuta baadaye akipanga chupa za plastiki za kuuza. Nikamuuliza habari ya dawa. Akaniambia, "Mwanangu, dawa yako inalaza kama maiti. Nikilala hivyo, gunia nani atalinda?" Usiku wa tatu wa vidonge vile aliamka hana gunia, hana blanketi, hana viatu. Wale watu wa usiku walikuwa watu kweli, tena wengine akiwajua kwa sura.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: nyumba ya mwisho yenye mlango wako, uliondokaje? Akafungua fundo la leso, akanionyesha ufunguo. Mume alifariki, mashemeji wakauza kibanja, yaani kipande cha ardhi walichokaa. (Sheria ya urithi ilirekebishwa mwaka 2022 na inamlinda mjane asifukuzwe nyumbani, lakini siku ya matanga nani anaisoma?) Akaja mjini, akapanga muzigo, chumba kimoja cha bei nafuu, akawa anafua nguo za watu. Akaumwa malaria, kazi ikasimama, kodi ikapita miezi miwili, mwenye nyumba akapiga kufuli lake juu ya kufuli la mama. Ufunguo aliokuwa nao ni wa lile la chini.

Na sauti alizokuwa akisikia? Zilianza akiwa tayari yuko nje, baada ya miezi ya kulala jicho moja. Mtu yeyote ukimnyima usingizi siku kadhaa mfululizo anaweza kuanza kuona na kusikia visivyokuwepo. Sisemi hakuwa mgonjwa. Nasema nilipanga matukio kinyume.

Wapo ambao ugonjwa ulitangulia, hasa wenye kifafa. Nilimjua kijana aliyefukuzwa kwao kwa sababu watu waliamini povu lake linaambukiza, akawa anatengewa sahani, mwisho akatengewa hata mkeka. Watoto wanaonusa mafuta ya ndege (ya eropleni) kwenye kitambaa ili walewe nao utaambiwa mafuta ndiyo yaliyowaleta mjini. Waulize. Wengi watakuambia waliyajua hapahapa, kwa njaa na baridi. Na akina mama wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wanaokaa na watoto barabarani, usikimbilie kuwatafutia jina la ugonjwa. Ukame na wizi wa mifugo ndivyo vilivyowatoa kwao. Ukiwapakia gari hadi kwao Napak, wilaya ya Karamoja, ghala likiwa tupu vilevile, utawaona tena.

Sasa kwa nini hawarudi. Tarehe ya miadi kwenye karatasi haina maana kwa mtu ambaye karatasi yake italowa leo usiku. Simu hana. Uandike mahali: analala wapi, anakunywa chai kwa nani. Yule mama wa chai ndiye atakayekuambia kahama au kachukuliwa. Sare nazo zinawakimbiza. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu ya kosa la uzururaji, lakini mtu aliyewahi kubebwa kwenye operesheni ya kuondoa watu barabarani hasomi hukumu, anaangalia rangi ya shati. Mimi nilivua koti jeupe.

Kuhusu dawa, zungumza na daktari wako kabla ya chochote kinacholaza. Yule mama alibadilishiwa sindano ya kila mwezi, maana vidonge havikuwa na pa kukaa. Na mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini, usikubali neno "nyumbani" kwenye fomu mpaka uambiwe ni wapi, kwa nani, na mwenye nyumba kasema nini.

Jambo moja dogo ambalo halimo kwenye mafunzo yoyote niliyopitia. Kliniki yetu ilikuwa na mlinzi mkali, kila mwenye gunia aliambiwa aliache nje ya geti. Sisi tulikaa ndani tukijaza "hakufika", kumbe watu walifika, wakatazama gunia, wakatazama geti, wakageuza. Tulipowaachia waingie nalo hadi kwenye kiti, foleni ya Jumanne ikawa ndefu hadi tukaongeza benchi.